Somo: Kulegeza nyuzi za gitaa kwa mtindo wa Hawaii (kī hōʻalu)

Chukua gitaa lako, lityuni sawasawa kama siku zote, kisha tulilegeze.

Somo hili ni la mwenye gitaa kavu nyumbani, anayejua kodi tatu nne (kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja) na amechoka kuzizungusha zilezile. Tunajifunza kī hōʻalu, upigaji wa gitaa wa visiwa vya Hawaii. Kī ni ule ufunguo wa kukazia uzi, hōʻalu ni kulegeza. Ukitafuta mtandaoni andika jina hilo, au andika slack key kama wanavyoita Wamarekani, utapata vya kusikiliza mpaka usiku.

Mimi nilianza kwa aibu. Nilikuwa napiga ridhimu kwenye bendi ndogo ya harusi, na bendi ilikuwa na gitaa moja la akiba ambalo nilikuwa nalala nalo mimi. Usiku nikalilegeza, nikawa nafukuzana na kaseti ya Gabby Pahinui, mpiga gitaa wa Hawaii, aliyoiacha mjomba wangu, baharia. Nikasahau kulirudisha. Kesho yake mpiga solo akakatikiwa na waya wakati maharusi wanaingia ukumbini, akalinyakua la akiba, akashika E kwa nguvu zake zote. Sauti iliyotoka, hata bibi harusi aligeuka. Tangu hapo nina sheria: nikimaliza, narudisha tyuni ya kawaida.

Miaka baadaye nikaja kujua kwamba Hawaii nako walikuwa na desturi ya kubadilisha tyuni kabla ya kuweka gitaa chini, ila wao walifanya makusudi. Kila ukoo ulikuwa na tyuni yake, inarithishwa ndani kwa ndani kama dawa ya babu. Mpigaji akimaliza anavuruga nyuzi, mgeni asije akalishika gitaa akaondoka na siri ya nyumba.

Gitaa lenyewe lilifika kwa sababu ya ng'ombe. Mwaka 1793 nahodha Mwingereza George Vancouver alimletea Mfalme Kamehameha wa Kwanza ng'ombe kama zawadi, ikawekwa mwiko wasichinjwe. Wakazaana, wakawa wa porini, wakavamia mashamba ya watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1830 Kamehameha wa Tatu akaagiza wachunga ng'ombe kutoka California, ambayo wakati huo ilikuwa ya Mexico, waje kuwafundisha vijana kupanda farasi na kutupa kamba. Wenyeji wakawaita paniolo, kutokana na neno español, na hadi leo mchunga ng'ombe wa kule huitwa hivyo. Jioni walipiga magitaa yao. Walipoondoka, baadhi ya magitaa yalibaki, na walioachiwa wakayatyuni kufuata nyimbo zao wenyewe badala ya kufuata za Wahispania.

Sasa shika gitaa. Uzi wa kwanza ni ule mwembamba ulio karibu na magoti yako, wa sita ni ule mnene. Nikisema freti ya pili, namaanisha unabonyeza kati ya chuma cha kwanza na cha pili.

Hatua ya 1: Legeza nyuzi tatu

Uzi wa nne, wa tatu na wa pili usiziguse. Uzi wa sita ushushe kutoka E hadi D. Wa tano, kutoka A hadi G. Wa kwanza, kutoka E hadi D. Kutoka mnene kwenda mwembamba utakuwa na D G D G B D.

Uzi ukishalegezwa hupenda kuendelea kuteremka wenyewe. Kwa hiyo ushushe upite kidogo, halafu upandishe taratibu mpaka ufike. Uvute kwa kidole mara mbili tatu, upime tena. Asiyefanya hivi ndiye anayekuja kulalamika kwamba gitaa lake halikai.

Huna programu ya kutyuni kwenye simu? Uzi wa nne ndio mama. Uzi wa sita ulie D kama yeye, ila kwa sauti nzito. Wa kwanza ulie D hiyohiyo, kwa sauti nyembamba. Wa tano ufuate wa tatu, G nzito. Kisha hakiki hivi: wa sita freti ya 5 ni sawa na wa tano ukiwa mtupu, wa tano freti ya 7 ni sawa na wa nne, wa nne freti ya 5 ni sawa na wa tatu, wa tatu freti ya 4 ni sawa na wa pili, wa pili freti ya 3 ni sawa na wa kwanza.

Pitisha kidole kwenye nyuzi zote bila kubonyeza chochote. Hiyo ni G nzima, umeipata bure. Tyuni hii huitwa Taro Patch, yaani shamba la magimbi, nduma kwa ndugu zetu wa Kenya. Gimbi, au kalo kwa Kihawaii, hupondwa likawa poi, na poi kwao ni kama ugali kwetu. Ndiyo tyuni ya kila siku, na ukiijua hiyo peke yake una kazi ya miaka.

Hatua ya 2: Dole gumba

Nakuomba ukae hapa wiki nzima. Najua hutakaa, lakini nimesema.

Dole gumba la mkono wa kulia ndilo besi na ndilo ngoma. Linapiga uzi wa tano, wa nne, wa tano, wa nne, mwendo wa mtu anayetoka msikitini bila haraka. Mkono wa kushoto usifanye lolote. Gumba likishazoea, ingiza na wa sita: tano, nne, sita, nne. Zote ni G na D, huwezi kukosea noti. Unachoweza kukosea ni mwendo.

Kipimo changu ni hiki: piga huku unaongea. Ukiweza kumwagiza mtoto dukani, chumvi pakiti moja, kiberiti kimoja, chenji urudishe, na gumba halijakwama wala kukimbia, umefuzu. Likikwama kwenye kiberiti, rudi.

Ndipo uongeze kidole cha shahada na cha kati. Kwanza piga uzi wa kwanza pamoja na gumba, kwa wakati mmoja, kama kubana pini ya nguo. Kisha piga uzi wa pili katikati, gumba likiwa limeshapiga na halijapiga tena. Utamu wote wa mtindo huu uko kwenye hicho kijinafasi. Gumba linatembea barabarani, vidole vinaruka mitaroni.

Na usipige kwa nguvu. Wahawaii wana neno nahenahe, maana yake laini, tamu, isiyopigiwa kelele, na ndilo wanalosifia gitaa la kī hōʻalu. Tumia nyama ya kidole zaidi ya kucha. Noti ukishaipiga iache ilie mpaka ichoke yenyewe. Usiinue kidole mapema. Sisi tuliokulia kwenye dansi tumezoea kukata noti ili ngoma zipite. Huku hakuna ngoma ya kupisha.

Hatua ya 3: Kodi mbili, na ya tatu ukitaka

G tayari unayo, mkono mtupu.

D7: uzi wa pili freti ya 1, uzi wa tatu freti ya 2. Basi. Gumba linahamia uzi wa sita na wa nne.

C: uzi wa pili freti ya 1, wa nne freti ya 2, wa kwanza freti ya 2. Gumba linapiga wa tano na wa nne; wa sita uache.

Nyimbo nyingi za kale za hula, ile ngoma ya kucheza ya Hawaii, zinatembea kwa G na D7 tu, na C ikipita kusalimia.

Hatua ya 4: Jozi

Hapa ndipo gitaa linapoanza kusema Kihawaii. Unashika nyuzi mbili, wa tatu na wa kwanza, unaruka wa pili, na unapanda nazo shingo ya gitaa. Namba ya kwanza ni freti ya uzi wa tatu, ya pili ni ya uzi wa kwanza:

0–2, 2–4, 4–5, 5–7, 7–9, 9–10, 11–12

Hiyo ni skeli nzima ya G, yaani ngazi ya noti zake, inaimbwa na watu wawili, kaka na dada. Ukiangalia vizuri, maumbo ni mawili tu: kuna jozi zilizoachana freti mbili na jozi zilizoachana freti moja. Vidole vikishayajua hayo mawili, macho yanaweza kuangalia dirishani.

Gumba liendelee chini yake, tano na nne, kama hakuna kilichotokea. Ukifika 4–5, usiirukie. Piga 2–4, kisha teleza nayo huku vidole vimebaki kwenye waya, mpaka 4–5 isikike bila kupigwa upya. Mara ya kwanza itakwaruza kama mlango. Mara ya thelathini itaimba. Mimi nilimfukuza paka wangu nyumbani kwa zoezi hili.

Ongeza na kugonga: piga uzi wa tatu mtupu, halafu angusha kidole freti ya 2 bila kuupiga tena. Kinyume chake ni kukwanyua: umebonyeza freti ya 2, unaondoka kwa kuuchokoa uzi, mtupu unalia. Uzi wa kwanza hivyohivyo. Pambo likizidi linakuwa uchafu, kwa hiyo weka moja kila mstari, si kila noti.

Hatua ya 5: Kibwagizo

Ukisikia gitaa la Hawaii sekunde tano tu na ukajua ni la Hawaii, mara nyingi umesikia hiki. Ni jozi tatu, nyuzi zilezile mbili:

6–5, kisha 5–4, kisha 4–5

Ya kwanza ni A7, ya pili D7, ya tatu G. Uzi wa tatu unashuka ngazi moja moja, sita, tano, nne. Uzi wa kwanza unashuka na kurudi nyumbani. Kwenye jozi ya kwanza gumba linyamaze, kwenye ya pili lipige uzi wa sita, kwenye ya tatu lipige wa tano.

Kibwagizo hiki hupigwa kabla ya kuanza kuimba na kati ya ubeti na ubeti, mara moja au mbili. Kama kuna mcheza hula, ndipo anapokwenda kwa hatua za kāholo, kulia na kushoto, akijiweka tayari kwa maneno yanayofuata. Kwa hiyo usikirefushe kwa sababu umekipenda. Mtu amesimama anakungoja.

Hatua ya 6: Kengele

Gusa nyuzi juu ya chuma cha freti ya 12 penyewe, usibonyeze, piga, ondoa kidole. Zinatoka kengele za G. Freti ya 7 zinatoka za D. Freti ya 5, G tena, nyembamba zaidi. Malizia wimbo na hizo.

Hatua ya 7: Wahine

Hii ni ya baadaye. Kutoka shamba la magimbi, shusha uzi wa tatu nusu hatua, yaani freti moja, kutoka G hadi F#. Umepata D G D F# B D, inaitwa G Wahine. Wahine ni mwanamke. Nyuzi tupu sasa zina kitu kama swali lisilojibiwa. Ukigonga uzi wa tatu freti ya 1, F# inarudi G na swali linajibiwa. Muziki wote wa tyuni hii ni kuuliza na kujibu hapo.

Maswali ya wanachama

Kidole Kimoja: Mwalimu, waya hazitakatika? Gitaa langu ni lile la galatoni la marehemu baba, naliogopa.

Jibu: Pole kwa baba. Kulegeza hakukati waya, kukaza ndiko kunakokata. Kitu utakachokiona ni nyuzi za besi kuvuma zikigusa vyuma, kwa kuwa zimelegea. Zikivuma sana, weka waya nene kidogo, hasa wa tano na wa sita. Na ukirudisha tyuni ya kawaida, panda polepole. Gitaa la marehemu nalo lina kumbukumbu zake.

Mama Nia: Ninayo ukulele ya mwanangu, ya shule. Inaweza kulegezwa?

Jibu: Inaweza, mama, na ni rahisi kuliko gitaa. Tyuni yake ya kawaida ni G C E A. Shusha ule wa mwisho kutoka A hadi G, unapata C nzima kwa mkono mtupu. Ukulele yenyewe ni mtoto wa Wareno: mwaka 1879 meli Ravenscrag ilifika Honolulu na vibarua wa mashamba ya miwa kutoka kisiwa cha Madeira, na ndani yake walikuwamo mafundi seremala kama Manuel Nunes. Walianza kutengeneza vigitaa vya kwao kwa mbao za huko, na Mfalme Kalākaua akavipenda na kuvipigisha kwenye sherehe za ikulu.

Mpiga Solo Mstaafu: Mimi nilidhani gitaa la Hawaii ni lile linalolia kama mtu, linalazwa mapajani. Hilo mbona hujalitaja?

Jibu: Shikamoo mzee. Hilo ni ndugu yake mdogo. Anayetajwa kuwa mwanzilishi ni Joseph Kekuku, kijana wa Lāʻie kwenye kisiwa cha Oʻahu, ambaye takriban mwaka 1889, akiwa mwanafunzi, alianza kuteleza kipande cha chuma juu ya nyuzi badala ya kuzibonyeza. Tyuni zake zilitoka kwenye hizihizi za kulegeza, ndiyo maana nimeanzia huku. Maonyesho makubwa ya San Francisco mwaka 1915 yaliwapeleka wapigaji wa Hawaii masikioni mwa Marekani nzima, na gitaa la umeme la kwanza kutengenezwa kwa biashara, lile la Rickenbacker la mwanzoni mwa miaka ya 1930, lilikuwa la kulaza mapajani. Kwa hiyo gitaa lako la solo lina damu ya Hawaii, mzee wangu, hata kama hamjawahi kusalimiana.

Mpiga Solo Mstaafu: Marahaba. Basi ndiyo maana Kongo walikuwa na gitaa wakiliita hawaïenne.

Jibu: Ndiyo hiyo. Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, Zacharie Elenga, yule Jhimmy, alijulikana kwa gitaa hilo. Jina lilisafiri mbali kuliko watu wenyewe.

Lubumbashi Moja: Miye niko Katanga. Hii gumba na kidole cha shahada, si ndiyo ya mzee Mwenda Jean Bosco? Kama ni yake, mbona munatuletea ya Hawaii?

Jibu: Ndugu, umenigusa. Hugh Tracey, yule mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Mwenda mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, na mpaka sasa ukimpa mtu rekodi ile atauliza wapigaji ni wangapi. Mikono inafanana: gumba linashika mwendo, kidole kinaimba. Lakini sioni kwamba mmoja alimfundisha mwenzake. Gitaa ukiliacha kwa mtu mmoja anayetaka besi na solo kwa wakati mmoja, mikono itagundua njia hiyo. Tofauti ni kwamba Mwenda anasukuma mbele, ukimsikia miguu inataka kuondoka. Gabby anakuvuta nyuma kidogo, kama wimbi linalorudi. Ukizijua zote mbili utakuwa tajiri kuniliko.

Binti wa Pwani: Nikiimba kwa Kihawaii nitachekwa? Na maneno yanasomwaje?

Jibu: Sisi ndio wenye bahati dada, kila silabi yao inaishia kwa vokali kama yetu. Mele, leo, wahine, aloha, soma kama unavyosoma Kiswahili. Mambo ni mawili tu. Kistari juu ya vokali kinairefusha. Na ile alama kama koma iliyopinduka ni kukata pumzi ghafla, ni herufi kamili, usiiruke. Pau ni imekwisha. Paʻu ni masizi. Pāʻū ni sketi. Sasa fikiria unamwambia mtu kazi imekwisha na ukateleza.

Ukiwa mtu wa pwani utapenda zaidi kitu wanachokiita kaona. Ni mafumbo. Mtunzi anaimba mvua ya kijiji fulani, au maporomoko ya maji, au ua lililovaliwa shingoni, na wanaojua wanajua ni nani anayesemwa. Waliokuwa wakijibizana kwa taarab na kwa majina ya kanga hawana haja ya kufafanuliwa.

Jambo la kazi: ukisikia mwimbaji anaanza mstari na neno haʻina, jua wimbo unafunga. Maana yake kama "hadithi imesimuliwa". Ubeti huo kwa kawaida huimbwa mara mbili, kisha kibwagizo, kisha kengele zako. Mpigaji asiyelijua neno hilo ataendelea peke yake wenzake wakiwa wameshaweka magitaa chini. Imenipata.

Mchambuzi Huru: Samahani, lakini huu si muziki wa kuwakaribishia watalii hotelini? Shada shingoni, sketi za majani, kinywaji kwenye nanasi. Tunajifunza cha nini?

Jibu: Swali halali. Upande huo upo, na ulitengenezwa kwa bidii. Lakini angalia yaliyotangulia. Malkia Liliʻuokalani, aliyepinduliwa mwaka 1893, alikuwa mtunzi wa nyimbo, na alitunga hata akiwa amefungiwa ndani ya ikulu yake mwenyewe. Mwaka 1896 sheria ikafanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni, na wapo wazee waliosimulia kupigwa kwa kuongea lugha ya mama zao. Kwa hiyo nyimbo ndizo zilizobaki na lugha mdomoni. Miaka ya 1970 vijana walipoamka kudai ardhi na lugha yao, walikwenda kukaa miguuni pa wapigaji wa kī hōʻalu. Mwaka 1978 Kihawaii kikarudi kuwa lugha rasmi ya jimbo, pamoja na Kiingereza. Hotelini muziki huu ulikwenda kutafuta riziki. Hata Gabby, ambaye rekodi yake ya mwaka 1946 ndiyo inayohesabiwa ya kwanza ya mtindo huu, mchana alikuwa anachimba barabara za Honolulu kwa sururu.

Mchambuzi Huru: Nimekuelewa. Hilo la sururu sikulijua.

Kijana wa Mwembe: Nianze kumsikiliza nani? Data yangu ni kidogo.

Jibu: Gabby Pahinui kwanza, bila mjadala. Kisha Leonard Kwan, huyu anapiga safi, kila noti inasikika, anafaa kuigwa. Ray Kāne kwa upole. Jozi zake za hatua ya 4 utazitambua mara moja. Sonny Chillingworth ukitaka kuogopa. Ledward Kaapana ukitaka kucheka kwa raha. Keola Beamer ndiye aliyetoa kitabu cha kwanza cha kufundisha mtindo huu mwaka 1973, na wapo waliokasirika, maana siri za nyumba zilikuwa zinatolewa sokoni. Mimi nampa shukrani. Bila watu kama yeye, mimi na wewe tungekuwa tunabahatisha.

Israel Kamakawiwoʻole utakuwa umeshamsikia, yule mkubwa wa mwili mwenye ukulele ndogo kifuani. Huyo si kī hōʻalu, lakini sauti yake ndiyo nahenahe yenyewe. Alifariki mwaka 1997 na mwili wake ukalazwa ndani ya jengo la serikali ya jimbo, heshima ambayo kwa kawaida hupewa viongozi. Wa sasa, mtafute Kalani Peʻa, anatunga kwa Kihawaii na tuzo ya Grammy alianza kuichukua mwaka 2017.

Binti wa Pwani: Wote wanaume?

Jibu: Dada umenikamata. Alice Nāmakelua alipiga kī hōʻalu, akatunga, akafundisha, na Keola Beamer mwenyewe ni mmoja wa wanafunzi wake. Kwa kuimba, Genoa Keawe. Alikuwa na uwezo wa kushika noti moja ya juu mpaka ukumbi mzima uanze kupiga makofi kabla hajaiachia. Kule mama mtu mzima huitwa Auntie hata kama si ndugu yako, kama sisi na shangazi au mama mdogo. Hao wawili hutawasikia wakitajwa kwa jina tupu.

Fundi Redio: Mimi nafanya kwa gitaa la umeme. Tatizo?

Jibu: Hakuna. Punguza ukali wa sauti, zima vikorombwezo vyote, piga karibu na shingo.

Mgeni Hapa: Mwalimu nimefuata hatua ya 1 yote na programu ya simu. Nikipiga nyuzi tupu, haisikiki kama G ya furaha. Inasikika kama kuna msiba.

Jibu: Uliushusha uzi wa pili?

Mgeni Hapa: Hapana. Labda kidogo, niligusa ufunguo wake kwa makosa nikaurudisha.

Jibu: Hujaurudisha wote. Uzi wa pili ndio unaobeba furaha ya kodi hiyo. Ukishuka nusu hatua, G inavaa nguo nyeusi. Bonyeza uzi wa tatu freti ya 4, upige, halafu upige wa pili mtupu. Vinafanana?

Mgeni Hapa: Wa pili uko chini kidogo.

Jibu: Upandishe taratibu mpaka vilingane, kisha piga zote.

Mgeni Hapa: Eeeh! Imekubali. Mke wangu jikoni ameuliza ni redio gani hiyo.